Meno Yetu na Maji ya Milima Miwili

Watu waliotangulia kuishi katika nchi hii iliyo kati ya Kilimanjaro na Meru walikuwa wapimaji wazuri wa maji. Ukitoka Sanya Juu kuelekea kaskazini unafika Ngarenairobi, ambayo kwa Kimaasai ni maji ya baridi. Ng'ambo ya uwanda, chini ya Meru, kuna Ngarenanyuki, maji mekundu. Ukishika barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha unavuka mto unaoitwa Maji ya Chai, na hapo huhitaji mkalimani. Kila jina ni kama ripoti fupi ya maabara, ya mtu aliyeinama mtoni, akachota kwa kiganja, akaangalia, akaonja, akaendelea na safari yake.

Kitu kimoja tu kiliwapita. Katika mengi ya maji haya kumeyeyuka kitu kisicho na rangi wala harufu, na ambacho kwa viwango vya huku ulimi hauwezi kukitambua. Hata rangi ya Maji ya Chai haitokani nacho. Ungeweza kuichuja rangi yote na chenyewe kikabaki palepale. Hakuna mto uliopewa jina lake. Kilijiandika mahali pengine, kwenye meno yetu.

Mimi ni mtu wa Sanya Juu na meno yangu ya mbele yana mistari ya kahawia inayokatiza, mithili ya ukuta uliowahi kuingiliwa na maji ya mvua. Nyumbani hakuna aliyewahi kuyatazama mara mbili. Nilipokwenda shule ya bweni, mbali na mkoa wetu, ndipo nilipojua kwamba nina meno. Wenzangu waliniuliza kama kwetu miswaki haijafika. Mmoja alinishauri, kwa nia njema kabisa, nisugue kwa mkaa na chumvi. Nilisugua muhula mzima. Doa halikutikisika, kwa sababu halikuwa juu ya jino; lilikuwa ndani ya jino, limejengwa humo kabla jino halijaota. Bibi yangu, ambaye hakusoma kemia, alikuwa na maelezo ya neno moja: "Maji." Ilinichukua miaka kuelewa kwamba maelezo yake yalikuwa kamili kiasi kile.

Kiswahili chetu cha kila siku kina neno moja linalobeba kazi mbili. Barafu inayeyuka, sukari inayeyuka. Lakini barafu haihitaji mwenzake, joto tu linatosha. Sukari ya kikombeni haiyeyuki mpaka ikutane na maji. Ndiyo maana napenda zaidi neno kumumunyika, ambalo wataalamu wa lugha walilichukua kuunda mmumunyo. Mtoto anamumunya pipi: haitafuni wala haichomi, anaizungushia mate tu, tabaka kwa tabaka, mpaka mdomo unabaki mtupu na utamu umeenea kote. Ndivyo maji yanavyofanya.

Molekuli ya maji imepinda. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa haidrojeni una chaji chanya kidogo. Punje ya chumvi ya mezani ni jengo la ayoni za sodiamu, zenye chaji chanya, na za kloridi, zenye chaji hasi, zilizoshikana kwa mpangilio. Ukiitumbukiza majini, molekuli za maji zinaizingira kutoka pembeni: zile ncha hasi zinaivuta sodiamu, zile ncha chanya zinaivuta kloridi, na kila ayoni inayong'oka inavikwa koti la maji ili isirudi. Mvutano huo una kikomo. Lita moja ya maji ya kawaida inaweza kubeba takriban gramu 360 za chumvi. Baada ya hapo imeshiba, na unachoongeza kinatua chini.

Lakini si kila kitu kina kikomo cha namna hiyo, na hapa ndipo habari ya meno yangu inapoanzia. Floridi ikifungamana na kalsiamu, inatoka chumvi ngumu sana kuyeyuka: lita nzima ya maji safi inabeba takriban miligramu 16 tu, na katika hizo floridi yenyewe ni kama 8. Floridi hiyohiyo ikifungamana na sodiamu, lita moja inaweza kubeba takriban gramu 40. Tofauti ni zaidi ya mara elfu mbili. Kwa hiyo ukitaka kujua kama maji yatakuwa na floridi nyingi, usiulize tu mwamba una floridi kiasi gani. Uliza pia floridi hiyo inakaa na nani humo majini. Palipo na kalsiamu ya kutosha, inakamatwa na kutuzwa chini. Palipo na sodiamu tele na kalsiamu haba, inazurura huru, na maji yanaendelea kuipokea bila kushiba.

Nchi yetu iko katika hali ya pili. Miamba ya volkano ya upande huu wa Bonde la Ufa ina sodiamu nyingi na floridi nyingi. Mfano uliokithiri uko kaskazini-magharibi kwetu, Oldoinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya magadi. Lava hiyo inatoka nyeusi na nyepesi kama oili chafu, na ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya siku chache. J. B. Dawson, mwanajiolojia, alifika huko mwaka 1960 na mwaka 1962 akautangazia ulimwengu kwamba lava ile ni kabonati ya sodiamu, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Moja ya madini makuu ya lava hiyo liliitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Nimewahi kulitafakari jambo hilo: viongozi wengine hupewa viwanja vya ndege na madaraja, wetu alipewa pia jiwe lisilostahimili mvua.

Meru si Lengai, lakini ni ukoo mmoja. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na kifusi kikamwagika kuelekea huku kwetu, kikatandaza uwanda na kuacha mabonde ambamo leo yamo maziwa ya Momella. Mvua inapita katika kifusi na majivu hayo, inamumunya taratibu, inatokea chini kama chemchemi. Maziwa ya Momella hayana mto unaotoka. Maji yanaondoka kwa jua tu, na jua halibebi chumvi. Mwaka 1984 Nanyaro na wenzake walichapisha vipimo vya maji ya eneo hilo: kwenye mito, miligramu 12 hadi 26 za floridi kwa lita, kwenye mabwawa na maziwa ya magadi, kutoka 60 hadi 690. Kumbuka kwamba kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 1.5.

Kilimanjaro wenyewe una huruma zaidi. Chemchemi nyingi za msitu wake zina floridi kidogo. Ndiyo maana katika wilaya hizi mbili, Siha na Hai, ndugu wawili wanaweza kuwa na meno tofauti kwa sababu mmoja alikulia juu mgombani na mwingine chini uwandani, kilomita chache tu kati yao.

Wanaosoma historia ya Tanganyika wanaijua Ngarenanyuki kwa sababu nyingine. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao elfu tatu kutoka huko, ili ukanda wa Sanya uwe wa walowezi, kama ilivyopendekezwa na tume ya Jaji Wilson miaka michache kabla. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York kulidai eneo hilo. Ilikuwa kesi ya ardhi, ikahesabiwa kwa ekari, ng'ombe na nyumba zilizochomwa, na ilistahili kuhesabiwa hivyo. Ninachoongeza mimi ni kidogo tu: nyasi zile nzuri zilizogombaniwa zilinyweshwa na maji mekundu ya mto uleule ambao leo unatajwa katika kila orodha ya maji yenye floridi kali. Watu walipigania kurudi kwenye maji hayo, nao walikuwa na haki.

Wakati huo elimu kuhusu madoa ya meno ilikuwa tayari ipo duniani. Huko Colorado, Marekani, daktari wa meno Frederick McKay aliwasili mwaka 1901 akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, na akatumia miaka thelathini kutafuta sababu. Jibu lilipatikana mwaka 1931, pale mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipopima maji na kukuta floridi. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilifurahi isivyo kawaida, kama mtu aliyegundua kwamba ana binamu ughaibuni. McKay na wenzake waligundua pia kwamba meno yale yenye madoa yalikuwa yanaoza kwa nadra. Kuanzia hapo Wamarekani wakafanya hesabu yao, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuongeza floridi kwenye maji ya bomba, takriban miligramu moja kwa lita.

Kwetu tatizo halikuwa kuongeza. Mwaka 1964 madaktari wawili, Grech na Latham, walichapisha katika jarida la tiba ya magonjwa ya nchi za joto makala kuhusu madhara ya floridi katika kanda ya kaskazini ya Tanganyika. Hawakuishia kwenye meno, walitazama mifupa pia. Mtu anayekunywa floridi nyingi kwa miaka mingi mifupa yake inakuwa mizito na migumu, kano zinaanza kugeuka mfupa, uti wa mgongo unakataa kuinama. Kwa mtoto, ambaye mifupa yake bado inajengwa, miguu inaweza kupinda. Mzee anayetembea kama amebeba ubao mgongoni si jambo geni uwandani kwetu, na mara nyingi huambiwa ni uzee.

Miaka kumi baada ya makala hiyo, mwaka 1974, Tanzania ilitangaza viwango vya muda vya ubora wa maji. Kwa maji ya vijijini, floridi iliruhusiwa hadi miligramu 8 kwa lita.

Nane. Nimeitazama namba hiyo mara nyingi. Ni sadfa tu, lakini ndiyo ileile ambayo maji safi yangeibeba kama yangeachwa yakae juu ya jiwe la kalsiamu na floridi mpaka yashibe. Mwili wa binadamu hauna habari na sadfa hiyo. Hata hivyo siwezi kuwaita wakatili waliokaa mezani mwaka ule. Mwaka 1971 nchi ilikuwa imeanza mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumba yake ifikapo 1991. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kwa kasi, na kila kijiji kilihitaji kisima. Ukiandika 1.5, unafunga visima kanda nzima, na aliyefungiwa kisima hataacha kunywa. Atakwenda bwawani anakokunywa ng'ombe, na kipindupindu hakisubiri miaka ishirini kama floridi. Namba nane ilikuwa ni kipimo cha uwezo wa serikali, ikavikwa nguo za kipimo cha afya. Kosa ninaloliona mimi ni neno "muda". Kiwango cha muda kilidumu zaidi ya miaka thelathini. Baadaye kikashushwa hadi 4, kisha hadi 1.5. Waliokuwa watoto katikati ya vipindi hivyo ndio sisi.

Na hata hapo tungekuwa tumezungumzia nusu tu ya jambo, kwa sababu nusu nyingine hatukuinywa kisimani. Tuliila.

Jikoni kwa Mchaga, magadi ni kama pilipili kwa mtu wa pwani. Kiburu hakiwi kiburu bila hayo. Maharage makavu, ndizi, bonge la magadi lililoloweshwa kwenye kikombe ili mchanga utuame, kisha yale maji ya juu yanamiminwa chunguni. Kazi yake ni ya kikemia kabisa. Kuta za seli za harage zimegundishwa kwa pektini, na pektini hiyo inashikiliwa na kalsiamu kama misumari. Kabonati iliyo katika magadi inaikamata kalsiamu na kuigeuza chokaa. Misumari inang'oka, pektini inamumunyika, harage linalainika kwa nusu ya kuni. Kwa maneno mengine, chungu cha bibi kilifanya kilekile kinachofanywa na miamba ya Meru: kuiondoa kalsiamu njiani. Na bonge lenyewe, likiwa limetoka kwenye maziwa na mbuga za magadi, lilikuja na floridi yake, ya sodiamu, ile inayoyeyuka bila kikomo cha maana. Ukiacha mchanga utuame, floridi haitulii nao. Imo katika yale maji safi ya juu unayomimina.

Jambo hili liliwahi kuwachanganya watafiti. Kulikuwa na vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floridi kidogo sana, lakini watoto wake wana madoa. Mwaka 1997 Mabelya na wenzake walichapisha utafiti ulioelekeza kidole kwenye magadi ya kulainishia chakula. Kwa watu wa mgombani, waliokuwa wakijivunia maji yao ya msituni, hiyo ilikuwa habari chungu kidogo. Maji yao hayakuwa na hatia; wao ndio waliyatia floridi kila jioni, kwa mwiko.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama kuchemsha kunasaidia. Hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, na floridi si kitu kilicho hai. Kinachoondoka ni mvuke, yaani maji matupu, na floridi inabaki katika maji machache zaidi. Chai iliyokaa jikoni asubuhi nzima ina floridi nyingi kwa kikombe kuliko ilivyokuwa alfajiri.

Njia inayofanya kazi ilitafitiwa karibu kabisa na chanzo cha tatizo, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi pale Ngurdoto. Unachukua mifupa ya ng'ombe, unaichoma kwa joto kali na hewa kidogo mpaka inakuwa mkaa, unaiponda, unaijaza ndooni, unapitisha maji. Mfupa umejengwa kwa fosfeti ya kalsiamu, na floridi, ambayo tangu ilipotoka mlimani haikupata kalsiamu ya kushikamana nayo, inaikuta hapo hatimaye. Inaingia katika mfupa na kubaki. Maji yanayotoka chini ya ndoo yanaweza kushuka chini ya miligramu 1.5, mpaka siku mfupa ukishiba na kuhitaji kubadilishwa.

Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilinyamaza kidogo. Kinachotokea ndani ya ndoo ndicho kilichotokea kinywani mwangu. Jino la mtoto linalojengwa chini ya ufizi ni fosfeti ya kalsiamu pia, lilikuwa linachuja. Tulikuwa vichujio, tukashiba, na kichujio cha namna hii hakibadilishwi.

Dawa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, si ndoo. Ni bomba. Maji ya msitu wa Kilimanjaro yakishushwa kwa mserereko hadi uwandani, kama ulivyofanya mradi wa Losaa hadi KIA, yanafika na floridi ndogo bila mtu kuchoma mfupa hata mmoja. Lakini bomba likikatika, au bili ikimshinda mtu, kisima cha zamani kiko palepale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa kusini-magharibi mwa Hai uliwakuta wenye miguu iliyopinda kwa floridi. Siyo wazee wa enzi za viwango vya muda. Ni watoto, wa karne hii, mahali ambapo ndege za watalii zinapita juu zikitua.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Sanya Juu. Mama mmoja alikuwa amepanga mafungu ya magadi kwenye gunia, mengine meupe, mengine ya kijivu yenye udongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu magadi, haya meupe ni mazuri, maharage yanaiva upesi."

Nilimuuliza kama amesikia habari za magadi na meno. Alicheka, akanionyesha ya kwake, ya kahawia kama yangu. Alisema amesikia, wamekuja watu wa afya wakaeleza, na yeye siku hizi kwake nyumbani anatia kidogo tu, na kwa wajukuu hatii kabisa. Nikamwambia maharage yakilowekwa usiku kucha, yale maji yakamwagwa, yanaiva hata bila magadi.

"Yanaiva," alisema. "Lakini yanaiva saa ngapi? Na gunia la mkaa siku hizi unalijua bei?"

Bei nilikuwa naijua. Mteja mwingine alikuwa amefika, akachagua mafungu mawili ya yale meupe, akalipa.